Tahariri: Kipimo cha Macho na Kipimo cha Maisha



Tunaanza toleo hili kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja ya ukanda huu wa pwani ambako tulikuwa tukitoa huduma, kamati ya matendo ya huruma ilikaa kupanga orodha ya wasioona ambao wangepewa msaada wa chakula kila mwezi. Ili pasiwe na upendeleo wala manung'uniko, iliamuliwa kwamba kila jina liambatane na karatasi ya kliniki ya macho. Aliyeandikiwa upofu angeingia katika orodha. Aliyeandikiwa kiwango chepesi zaidi angesubiri. Uamuzi huo ulitupendeza. Tuliuona kuwa wa haki, nasi tukautia sahihi.

Jina la kwanza katika orodha lilikuwa la mwalimu mstaafu asiyeona kabisa. Karatasi yake haikuacha shaka. Lakini mwalimu huyo alikuwa na pensheni, mke, na watoto wanaomjali. Alisoma maandishi ya nukta nundu, alitembea mtaani kwake kwa fimbo nyeupe, na kila Jumamosi aliwafundisha wakatekumeni watu wazima. Tulipompelekea mchele na unga alitupokea kwa adabu, akatukaribisha kahawa, kisha akauliza kwa upole ni nani aliyetuambia kwamba nyumba yake ina njaa. Hatukuwa na jibu.

Jina lililofutwa lilikuwa la mama mjane, mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, msusi wa ukili na mshonaji wa mikeka. Karatasi yake ilisema kwamba macho yake yanaona mbali karibu sawa na ya watu wengine. Kwa hiyo hakuwa asiyeona, na kikao kikapita. Hakuna aliyeuliza zaidi. Baadaye tulipata kujua kwamba kwa muda wa miaka miwili mama huyo hakuweza kutofautisha nyuzi za ukindu mikononi mwake, wala kuunganisha rangi zilizotiwa humo. Mikeka yake ilirudishwa na wanunuzi. Mchele aliopika ulikuwa na mawe. Mjukuu wake wa kike alizuiwa nyumbani siku za shule ili amchagulie nafaka na kumtungia sindano. Katika jumuiya ndogo ndogo aliacha kuhudhuria, kwa sababu zamu yake ya kusoma ilipofika aliona aibu kusema kwamba haoni herufi. Na wenzake walidhani amepoa katika imani.

Miwani ya kusomea ambayo ingemrudisha kazini ilikuwa na bei ndogo kuliko chakula tulichompelekea mwalimu ambaye hakukihitaji. Orodha yetu ilikosea mara mbili katika siku moja, na kila kosa lilikuwa na karatasi halali nyuma yake.

Ndiyo maana leo tunataka kulitazama suala hili kwa makini: viwango rasmi vya upungufu wa kuona vinasema nini, na ni mambo gani ambayo haviwezi kuyasema?

Viwango vyenyewe

Mwaka 1862 daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, alitunga chati ya herufi ambayo kizazi chake tunakiona hata leo katika kuta za kliniki zetu. Mgonjwa huwekwa umbali wa mita 6 kutoka kwenye chati. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa mkono miguu yake inaelekea wapi. Akiandikiwa 6/6, macho yake ni mazuri. Akiandikiwa 6/18, maana yake ni kwamba kitu anachokitambua akiwa mita 6, jicho zuri hukitambua likiwa mita 18. Akiandikiwa 6/60, jicho zuri lingekitambua kitu hicho hata likiwa mita 60.

Kutokana na namba hizo, Shirika la Afya Duniani limeweka ngazi. Katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, mtu ambaye uwezo wake wa kuona mbali umeshuka chini ya 6/12 hadi 6/18 ana upungufu mdogo. Chini ya 6/18 hadi 6/60 ni upungufu wa kati. Chini ya 6/60 hadi 3/60 ni upungufu mkubwa. Chini ya 3/60 ni upofu. Pembeni ya ngazi hizo kuna fungu la upungufu wa kuona karibu, yaani mtu anayeshindwa kusoma maandishi madogo ya kipimo cha N6 yakiwa umbali wa sentimita 40.

Hatuandiki ili kudharau vipimo hivi. Pasipo namba, serikali haiwezi kujua wapi pelekwe wataalamu, wala daktari hawezi kujua kama upasuaji alioufanya umefaulu. Cheti chenye kiwango humsaidia mtoto mbele ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo huwatenga watahiniwa wenye uoni hafifu ili karatasi zao zichapwe kwa maandishi yaliyokuzwa. Tena ni kweli kwamba, tukiwatazama watu wengi kwa pamoja, kadiri kuona kunavyopungua ndivyo maisha yanavyokuwa magumu. Utafiti uliofanyika Nakuru nchini Kenya, pamoja na Ufilipino na Bangladesh, ambao matokeo yake kuhusu umaskini yalichapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kaya za watu wenye upungufu wa kuona kwa sababu ya mtoto wa jicho zilikuwa na matumizi madogo kuliko kaya za majirani wanaoona. Mwaka mmoja baada ya upasuaji, matumizi ya waliotibiwa yalipanda hadi kukaribiana na ya majirani hao. Mtu akirudishiwa macho hurudishiwa na mengi mengine.

Basi kipimo ni chombo chema. Kosa huanza pale chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya jicho kinapotumiwa kumpima mtu mzima, pamoja na nyumba yake, kazi yake na heshima yake.

Mambo yasiyoandikwa katika karatasi

Kwanza, viwango vyenyewe vimewahi kuwasahau watu wengi. Kwa miaka mingi kanuni ya kimataifa ilihesabu uwezo wa jicho baada ya kusahihishwa kwa miwani bora kabisa. Mtu aliyetembea kwa kupapasa kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua miwani alihesabiwa kuwa mzima, maana angeona kama angekuwa nayo! Wakati kundi hili lilipohesabiwa, katika makadirio ya mwaka 2004 yaliyochapishwa mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilitaja watu milioni 153 wenye upungufu wa kuona kwa sababu tu ya kukosa miwani, na kati yao milioni 8 walikuwa katika ngazi ya upofu. Watu hawa walikuwepo siku zote. Walikuwa hawaoni majumbani mwao, na huku wakihesabiwa kuwa wanaona katika vitabu vya takwimu. Siku hizi kanuni imerekebishwa, na mtu hupimwa kama alivyokuja, kwa miwani aliyo nayo au asiyo nayo.

Pili, chati ya ukutani huuliza habari ya mbali, na riziki ya watu wetu wengi iko karibu, katika umbali wa mkono. Mvuvi wa Pangani ashonaye nyavu, fundi cherehani wa Ngamiani, mama achambuaye mchele na kunde, mkulima wa Muheza achaguaye iliki, katibu wa jumuiya aandikaye michango: hawa wote huishi kwa macho ya karibu. Kuanzia miaka 40 hivi macho ya karibu humpungukia kila mwanadamu. Uchunguzi uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba watu kama sita kati ya kumi wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na upungufu huu, na wachache mno kati yao walikuwa na miwani. Jirani zetu wa Zanzibar walipochunguzwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha karibu tisa kati ya kumi wa umri huo, na chini ya mmoja kati ya watano wenye shida hiyo ndiye aliyekuwa na miwani ya kumfaa. Ripoti ya Dunia kuhusu Uoni ya mwaka 2019 inasema kwamba watu milioni 826 duniani waliishi na shida hii bila kusaidiwa.

Je, jambo hili ni dogo kwa sababu limeitwa la karibu? Huko Assam, nchini India, wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi waligawiwa miwani ya karibu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba mavuno yao kwa siku yalizidi ya wenzao wasiopewa kwa zaidi ya sehemu moja kwa tano. Chai huchumwa pia juu ya vilima vyetu vya Usambara, kwa vidole na macho yale yale, na kwa ujira unaohesabiwa kwa kilo. Ni wangapi kati ya wachuma chai wetu wanaoitwa wavivu au wazee, na kumbe wamekosa miwani?

Tatu, namba ya herufi haijui kitu kuhusu pembeni mwa jicho. Yuko mgonjwa wa presha ya macho ambaye husoma mstari wa mwisho wa chati bila kusita, lakini huonekana kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Hujikwaa kwenye vizingiti, huwagonga watoto, hukwepa kwenda sokoni. Kanuni za Shirika la Afya zinatambua hali hii, na humweka katika ngazi ya upofu mtu ambaye upeo wake hauzidi nyuzi 10 kutoka katikati. Lakini kipimo hicho huhitaji chombo na mtaalamu, navyo havipatikani katika kila zahanati. Kwa hiyo mtu wa namna hii hurudi kijijini na karatasi isemayo kwamba ni mzima, na majirani husema analewa.

Nne, katika milima ya Usambara ugonjwa wa usubi umefahamika kwa miaka mingi, na dawa ya ivermectin imegawiwa vijijini ili kuuzuia. Wanaoufahamu wanajua kwamba, kabla haujagusa macho, huleta mwasho wa ngozi unaomnyima mtu usingizi na kumwondolea utulivu mbele za watu. Kwenye safu ya macho mtu huyo ataandikiwa 6/6. Maisha yake hayako sawa.

Ngazi moja, maisha mbalimbali

Tumeona kwamba mwenye kiwango chepesi aweza kuwa na mzigo mzito. Tuongeze kwamba watu wawili wenye kiwango kile kile waweza kuishi maisha yasiyofanana hata kidogo.

Chukueni wazee wawili wenye mtoto wa jicho, wote wawili 3/60. Mmoja ana watoto wanaomwekea nauli, wanampeleka Bombo au KCMC Moshi, na baada ya wiki chache anasoma tena. Mwingine anasema, "Mimi ni mzee, acheni tu." Uchunguzi uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba uamuzi wa kwenda kupasuliwa hutegemea sana mahusiano ndani ya familia: mzee husita kuomba, asije akaonekana mzigo, watoto nao husubiri aombe. Ukimya huo hugharimu miaka. Aidha, taarifa zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinazoendelea, na kuchapishwa mwaka 2002, zilionyesha kwamba wanawake hupata upasuaji huu kwa nadra kuliko wanaume, ingawa wagonjwa walio wengi ni wao. Hapo tunaona wazi kwamba tofauti kati ya mzee huyu na yule haimo ndani ya jicho. Imo ndani ya nyumba, ndani ya mfuko, na ndani ya fikra zetu kuhusu nani anastahili kugharimiwa.

Chukueni tena watoto wawili wenye ualbino, wenye upungufu wa kati. Miwani peke yake haiwezi kuyarudisha macho yao yakawa 6/6. Mmoja amekalishwa mbele darasani, mbali na mwanga mkali wa dirisha. Mwalimu humsomea kwa sauti yale anayoandika ubaoni, naye ana lenzi ya kukuzia maandishi. Mwingine amekalishwa nyuma kwa sababu ni mrefu, na kila mwezi anachapwa kwa kutonakili. Cheti chao ni kimoja. Maisha yao ya baadaye hayatakuwa mamoja.

Historia ya shule zetu inatufundisha vilevile kuhusu hatari ya kumfunga mtu ndani ya jina. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi juu ya wanafunzi wa shule za wasioona za Afrika Mashariki. Ilionekana kwamba wengi kati yao, wakipewa miwani au vioo vya kukuzia vya bei nafuu, waliweza kusoma maandishi ya kawaida. Walikuwa wamepokelewa kama wasioona, wakafundishwa kama wasioona, na uoni mdogo waliojaliwa ukaachwa bila kazi. Tunasema haya kwa heshima kubwa kwa walimu wa shule hizo, kama ile ya Irente huko Lushoto iliyoanzishwa na ndugu zetu Walutheri katika miaka ya 1960, na wa kitengo cha Shule ya Msingi Pongwe hapa Tanga. Wao wamebeba watoto ambao wengi wetu tuliwaficha. Tunachosema ni kwamba jina la kiwango likishabandikwa, huwa vigumu kulibandua.

Kuuliza ndiko kupima

Watafiti wenyewe wameutambua upungufu wa namba. Ndiyo sababu, katika uchunguzi ule wa Nakuru, wagonjwa hawakuonyeshwa chati tu. Waliulizwa pia maswali 20 yaliyotungwa chini ya Shirika la Afya Duniani: kama wanaweza kutambua uso wa mtu, kama wanashindwa kazi zao za kila siku, kama wanasita kuhudhuria shughuli za watu kwa ajili ya macho yao, kama wanaona aibu, kama wanajiona kuwa mzigo, kama wanaogopa kupoteza hata uoni uliobaki. Katika sensa ya mwaka 2012, na tena katika ile ya 2022, nchi yetu nayo ilitumia maswali ya namna hiyo: karani hakuja na chati, bali aliuliza kama mtu ana ugumu wa kuona hata akivaa miwani, na ugumu huo ni wa kiasi gani.

Sheria yetu imekwenda mbele zaidi ya kamati zetu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuufafanua ulemavu kwa herufi za chati. Inaueleza kuwa ni kupoteza au kupungukiwa na nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii kwa usawa na wengine, kwa sababu za kimwili, za kiakili au za kijamii. Neno hilo la mwisho lituguse: za kijamii. Maana yake ni kwamba sehemu ya ulemavu wa jirani yetu tunaitengeneza sisi, na kwa hiyo tunaweza pia kuibomoa.

Nasi tulio watumishi wa Injili tulipaswa kulijua jambo hili mapema. Marko anatusimulia juu ya mtu asiyeona aliyeletwa kwa Yesu huko Bethsaida. Baada ya kumgusa mara ya kwanza, Yesu alimwuliza kama anaona kitu. Mtu yule akasema anaona watu, lakini wakiwa kama miti inayotembea. Huo ndio uoni hafifu! Mwenye haraka angesema: imetosha, huyu sasa anaona, aondolewe katika orodha. Yesu hakumwacha katika nusu ile. Alimsikiliza, akamgusa tena. Kule Yeriko nako, kabla ya kutenda lolote, alimtaka Bartimayo aseme mwenyewe anataka nini. Swali lilitangulia msaada.

Yatupasayo kutenda

Hatupendi tahariri hii iishie katika majuto. Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kila kigango.

Moja: karatasi ya kliniki iendelee kuheshimiwa, lakini isiwe mwisho wa mazungumzo. Kabla ya kuandika au kufuta jina, watu wawili wa jumuiya waende nyumbani kwa mhusika na kumwuliza yeye mwenyewe, wala si ndugu zake tu: ni kazi gani umeacha kwa sababu ya macho? Ni wapi huendi tena? Nani anayefanya sasa uliyokuwa ukiyafanya, naye amekosa nini kwa ajili hiyo? Wewe unataka nini? Swali la tatu lisisahaulike. Nyuma ya bibi asiyeona mara nyingi yuko mjukuu asiyesoma.

Mbili: kila mtu mwenye miaka 40 na zaidi apimwe pia macho ya karibu, hasa mafundi, wasusi, wavuvi na wasomaji wa liturujia. Miwani ya karibu isihesabiwe kuwa anasa ya watu wa ofisini. Fedha za mfuko wa huruma zikinunua miwani, zimenunua jembe.

Tatu: wanaume na wanawake wenye mtoto wa jicho wasiachwe wasubiri hadi wakose kabisa kuona, na mama asiachwe nyuma ya baba. Watoto waseme kwanza. Mzee asilazimishwe kuomba. Jumuiya itoe mtu wa kumsindikiza, kwa kuwa mara nyingi kinachokosekana ni nauli na mkono wa kushikwa.

Nne: tutazame nyumba zetu za ibada. Kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe. Msomaji mwenye uoni hafifu aandikiwe somo kwa herufi kubwa siku chache kabla. Matangazo yasomwe kwa sauti, yasibandikwe tu mlangoni. Na asiyeona aalikwe kuongoza, kama yule mwalimu wetu, wala asiwe daima mtu wa kupokea.

Tano: walei walio katika vijiji na mitaa wafuatilie haki zilizopo. Sheria ya 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Haki hizi zaweza kumfikia msusi na mvuvi, iwapo kuna mtu wa kuwaandikia barua na kuwasomea majibu.

Tumalizie kwa habari ya mama yule wa mikeka. Tulipotambua kosa letu tulikwenda kwake, tukamwomba radhi. Hakutulaumu. Alijaribu miwani tatu mbele yetu, na alipovaa ile ya tatu alinyamaza, akautazama ukili aliokuwa ameusuka juma lile, akaanza kuufumua. Tulimwuliza kwa nini. Akasema kwamba umekwenda upande, na hatauza kitu cha namna hiyo kwa jina lake.

Katika karatasi yake ya kliniki hakuna kilichobadilika: macho yake ya mbali yameandikwa vile vile. Mjukuu alirudi shuleni Jumatatu iliyofuata. Tunawaomba, ndugu wasomaji, kabla ya kikao chenu kijacho cha kupanga orodha, mwende kwanza katika nyumba moja ambayo mlikwisha kuifuta, mkaulize.